Mwenza wa Farasi wa Kilolo

Atupele mwanangu,

Kosa la watu wengi wanaomtafutia farasi mwenza ni kwamba wanamwangalia farasi peke yake. Wanamwona amesimama kwenye uzio, ameacha kula, anatembea njia ileile mpaka udongo unachimbika, wanamwonea huruma. Halafu wanakwenda kumchukua mnyama wa kwanza aliye karibu na kumsukumia humo zizini. Hakuna anayeuliza yule anayeletwa anaachanishwa na nani. Mimi nilifanya kosa hilo nikiwa na cheti cha mifugo ukutani, na wewe umejiandaa kulifanya ukiwa na cha kwako kwenye begi.

Sijakusemesha tangu Jumapili, na sitajifanya kwamba hasira imeisha. Mama yako alinishauri nisubiri ipoe ndipo niandike. Nimekataa, kwa sababu ikipoa nitakuandikia mambo ya kuvaa sweta na kula vizuri. Kilolo kuna baridi. Haya, nimeshasema. Minyoo, chanjo, kwato, kumtenga mnyama mgeni kabla ya kumchanganya na wenyeji, hayo yote ulifundishwa chuoni na walimu wenye subira kuliko mimi. Nakuandikia jambo ambalo sikuwahi kukuambia, na unapolisoma ujue linatoka kwa mtu aliyekukasirikia.

Kazi yako niliipenda ulipoipata, usije ukasema niliikataa. Nyumba ya wageni yenye shamba, farasi watatu wa kupandwa na wageni. Kisha wawili wakafa masika haya kwa ule ugonjwa unaoenezwa na visubi, vijidudu vidogo kuliko mbu, akabaki mmoja, huyo Kapteni wenu, na wewe ndiye unayekwenda kumtunza. Jumapili tulikuwa mezani meneja wako alipopiga, ukaweka simu kwenye spika ili na sisi tumsikie bosi wako mpya.

"Dada Atu, huyu farasi anatuaibisha," alisema. "Analia usiku kucha, wageni wanalalamika. Njoo na kitu cha kumchangamsha. Mbuzi, kondoo, chochote chenye miguu minne."

"Nyumbani tuna punda, bosi."

"Safi sana. Njoo na mmoja. Mmoja tu, banda lenyewe dogo. Na asiwe wa kelele, maana kelele tunazo tayari."

Ulicheka naye. Ulipokata simu ukatugeukia, ukatangaza kwamba utamchukua Tabu, na Sijali atabaki kumbebea mama yako maji na kunitolea mimi mpunga shambani. Uliwagawa kama mtu anayekata mkate. Nikakuambia humchukui hata mmoja. Ukaniuliza kwa nini, nikajibu kwa sababu nimesema. Hilo lilikuwa jibu la kijinga na nitalirudia huko chini. Lakini wewe nawe ukasema: "Baba, ni punda tu. Atazoea."

Nikainuka mezani na kuacha chakula. Ulidhani nimekasirika kwa sababu umenijibu. Umenijibu mara nyingi tangu ukiwa darasa la nne na sijawahi kuacha ugali kwa ajili hiyo. Niliinuka kwa sababu maneno hayo ni yangu. Niliyasema hapahapa Madibira, wewe ukiwa ndiyo kwanza unajifunza kutembea, nikamwambia mzee mmoja aliyekuwa na akili kunishinda.

Miaka hiyo nilikuwa nimeacha kazi ya serikali huku Mbarali, nikaajiriwa kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa, njia ya kwenda Kilolo ukitokea Iringa mjini. Mwenye shamba alikuwa mama mzee, mjane, ambaye farasi wake walikwisha mmoja baada ya mwingine kama hao wa kwenu, akabaki farasi jike mwekundu aliyeitwa Zawadi. Zawadi alizunguka uzio kuanzia asubuhi. Alitoka jasho bila kufanya kazi. Mbavu zilianza kuhesabika na majani yapo mpaka magotini.

Nikueleze kwa nini, maana najua chuoni mlilipita hili haraka. Farasi huweza kusinzia akiwa amesimama, na watu wakimwona hivyo husema huyo halali chini kamwe. Si kweli. Usingizi mzito anaupata akilala chini, na hawezi kulala chini mpaka awepo mwingine wa kusimama macho. Mababu zake waliliwa na simba maelfu ya miaka, na yeye hajui kwamba Kilolo hakuna simba. Farasi aliyebaki peke yake anakesha zamu yake na ya wenzake waliokufa. Baada ya wiki kadhaa unamwona anayumba kwa usingizi, magoti yanakatika, anashtuka, anaanza tena kutembea. Huyo Kapteni anayewaaibisha wageni wenu anaita mtu aje ampokee zamu.

Kwa hiyo mama yule aliponiambia, "Baba Atu, mtafutie mwenzake," alikuwa na haki kabisa. Farasi mwingine ndiye angefaa kuliko wote, ila hatukuweza kumpata. Nikajaribu mbuzi. Zawadi alimpenda, lakini mbuzi alikuwa na mbuzi wenzake ng'ambo ya uzio na kila siku alipenya chini ya waya kuwafuata, na siku alizokubali kubaki alitafuna mkia wa farasi mpaka ukabaki kama ufagio uliochakaa. Kuhusu ndama nilikataa mwenyewe. Chakula chetu cha ndama kilitiwa dawa ya kuzuia kuhara damu, na dawa hiyo haimdhuru ndama lakini ikiingia kwa farasi inaua moyo wake. Liandike hilo mahali, maana hapo kwenu wanafuga na kuku, na chakula cha kuku nacho mara nyingi kina dawa kama hiyo. Nilijiona mtaalamu kweli kwa kukataa ndama. Mjane akanisifu. Ndipo nikasema nawajua punda wazuri, wako Madibira.

Punda wa huku unawajua walivyo. Wafugaji waliohamia Usangu kutoka Usukumani ndio waliotuzoesha kuwafunga wawili kwenye nira moja kuvuta mkokoteni wa mpunga, na wanaopangwa pamoja hawabadilishwi. Wa kulia anabaki wa kulia mpaka uzeeni. Wanakula pamoja, wanalala pamoja, na mmoja akiugua mwingine hapewi kazi. Mimi niliyesoma nililiona hilo kama uvivu wa kufundisha punda upya.

Mzee Masanja alikuwa na jozi iliyosifika skimu nzima ya umwagiliaji. Aliwaita Kulwa na Doto, kama watoto pacha, ingawa mama zao walikuwa tofauti. Nilifika kwake na gari la shamba, nikapewa kigoda na maziwa ya mgando, nikamweleza shida yangu.

"Bwana mifugo," akasema, "hizi punda hazijawahi kulala mbalimbali. Miaka sita. Kama unataka, chukua zote."

"Nataka mmoja, mzee. Gari lina nafasi ya mmoja."

"Sasa huyu wa kubaki atavuta na nani?"

"Utampatia mwingine."

"Huyu hatakubali mwingine."

"Mzee, ni punda tu. Atazoea."

Alimwangalia mkewe, Mama Kabula, aliyekuwa anapepeta mchele pembeni. Mama Kabula akatikisa kichwa kukataa, wala hakujificha. Lakini Masanja akainuka akanifungulia Doto. Na hapa sikiliza vizuri, Atupele. Hakunipa kwa sababu nilimshawishi. Wafugaji wa Usangu siku hizo walimwogopa kila mwenye kalamu. Nilikuwa nimeacha kazi, lakini yeye bado aliniita bwana mifugo, mtu ambaye saini yake inaweza kuwazuia ng'ombe wako wasitoke, au kuwafukuza wasibaki. Nililijua hilo. Nililijua nikiwa nimeshika kikombe chake cha maziwa, na nililitumia.

Kulwa alilifuata gari hadi kwenye mfereji mkubwa. Dereva akasema, "Mkuu, yule anakuja." Nikamwambia aongeze mwendo.

Shambani mambo yalikwenda vizuri kupita matarajio, upande wa farasi. Siku ya nne Zawadi aliacha uzio. Wiki ya pili alilala chini, kwa ubavu, miguu imenyooshwa, na Doto amesimama kando yake. Mjane alitoa machozi. Doto mwenyewe siku za kwanza alilia, uso ameelekeza kwenye barabara tuliyojia, kisha akanyamaza. Nikaandika kwenye daftari langu: punda ametulia.

Mzee Yohanesi, Mhehe aliyekuwa mkuu wa zizi, alinifuata asubuhi moja.

"Kamwene, Baba Atu. Huyu punda wako umemwangalia?"

"Nimemwangalia. Ametulia."

"Hajatulia huyu. Amenyamaza."

"Kuna tofauti gani hapo, mzee?"

"Aliyetulia anakula," akasema, akaenda zake kukamua.

Wewe unajua, kwa sababu hili mlifundishwa, kwamba punda haonyeshi ugonjwa kama farasi. Farasi akiumwa tumbo anajigaragaza na kijiji kizima kinajua. Punda anasimama tu, kichwa chini, masikio yamelegea kidogo, na mtu mwenye haraka anasema ana adabu. Akiacha kula siku chache tu, hasa aliyenona, mwili wake unaanza kuyeyusha mafuta yake na kuyamwaga kwenye damu, na ini linashindwa. Nilipompima hatimaye, damu kwenye chupa ilikuwa na rangi ya maziwa juu. Doto alikufa kesho yake. Nikafanya kosa jingine juu ya lile la kwanza: nikaamuru azikwe upesi kabla Zawadi hajamwona, nikidhani ni huruma. Farasi aliyeachwa akamnusa mwenzake aliyekufa, akasimama naye kwa saa kadhaa, huelewa na huondoka mwenyewe. Asiyeonyeshwa huendelea kutafuta. Zawadi alianza kumtafuta Doto kwa mwendo ambao hakuwahi kuutumia kwa farasi wenzake.

Sasa kaa chini kama umesimama. Unajua nilifanya nini? Nilichukua gari nikarudi Madibira kumfuata Kulwa.

Nilimkuta Mama Kabula anatoka mferejini, ndoo kichwani. Hakuitua.

"Umefuata nini?"

"Nimekuja kumwona mzee. Nina shida na Kulwa."

"Kulwa hayupo. Alilala pale ilipo nira, akakataa pumba, akakataa maji. Mzee amemlisha kwa mkono mpaka siku ya nane. Ndiyo maana unaniona na ndoo."

Nikasema pole. Nikasogea kwenye kigoda.

"Usikae," akasema. "Hicho kina mwenyewe."

Masanja akatoka ndani akamkemea kwamba mgeni hafukuzwi. Alikuwa amekonda. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, kama ilivyo desturi yao, na swali lake la kwanza lilikuwa hili: "Na Doto yangu, haijambo?"

Nikamjibu, "Hajambo, mzee. Amenenepa."

Uso wake ulifunguka. Akamwambia mkewe, "Si unaona? Angalau moja imepona." Akaniletea maziwa tena, nami nikayanywa.

Niliporudi shambani Zawadi alikuwa ameshapita katikati ya uzio wa seng'enge. Mguu wa mbele ulikuwa umekatika kano, na mjane alikuwa ameshaomba mtu mwenye bunduki aitwe. Wanyama watatu, mwanangu, kwa sababu ya gari lenye nafasi ya mmoja.

Ukiwa mtoto, tulipokuja huku likizo, ulikuwa unaniuliza kwa nini yule bibi wa ng'ambo ya mfereji haitikii salamu yangu, na mimi nilikujibu kwamba ni ugomvi wa mpaka wa majaruba ya mpunga. Nilikudanganya. Masanja alikufa akiamini Doto yuko hai Kilolo. Mama Kabula alikuja kuambiwa ukweli na dereva wa gari lile. Nilipostaafu na kurudi huku nilimfuata kumwomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ulikunywa maziwa yake," akaingia ndani. Hajanisalimia hadi leo, na simlaumu. Ningekuwa yeye nisingesalimia pia. Watu husema muda unalainisha mambo, na labda kwa wengine ni hivyo. Mimi nimeishi ng'ambo ya mfereji na mtu asiyenisamehe, na nimejifunza kuchota maji bila kutazama upande wa pili.

Basi hicho ndicho nilichokisikia Jumapili mdomoni mwako. Meneja wako ni mjinga, lakini ni mjinga wa kawaida. Anadhani upweke wa farasi ni kelele, na mwenza ni kitambaa cha kuziba kelele. Wewe huna ujinga huo. Umewalisha Tabu na Sijali tangu tuwanunue, umeona Sijali anavyogoma kunywa Tabu akiwa bado njiani, na bado ulikubali "mmoja tu" kwa sababu aliyesema ni bosi. Hilo ndilo lililonikera hata kuliko maneno yenyewe. Nilitaraji angalau ungebishana naye dakika moja.

Najua utakachojibu. Utasema wawili watashikamana wenyewe kwa wenyewe na kumtenga Kapteni. Mwanzoni, ndiyo. Waache waonane kwanza kupitia uzio, kila upande na majani yake na maji yake, na usiwe na haraka ya kufungua lango. Kapteni hahitaji kupendwa wiki ya kwanza. Anahitaji masikio mengine manne yanayosikiliza usiku. Akishalala chini, mengine yatakuja yenyewe. Utasema banda ni dogo. Punda waliozoeana hulala wamebanana hata ukiwapa uwanja. Utasema ni siku yako ya kwanza na huwezi kuanza kazi kwa kumkatalia mkubwa. Hapo sina jibu la kitaalamu. Nina hili tu: natamani Masanja angenikatalia. Ningemchukia mwezi mmoja, halafu ningekuwa na deni la shukrani kwake maisha yangu yote, na yeye angekuwa na punda wake.

Na sasa lile jibu langu la kijinga. Niliposema humchukui hata mmoja, sikuwa nawatetea punda. Ningekuwa nawatetea ningesema chukua wote wawili, maneno yaleyale aliyoniambia Masanja, na nilikuwa nayo kooni. Sikuyasema kwa sababu nilitaka uende mikono mitupu, ushindwe na huyo farasi, urudi nyumbani uniambie baba ulikuwa sahihi. Huo ndio ubaba wangu kwa siku hiyo moja, na sijivunii. Mama yako amelijua kabla yangu, aliniambia tukiwa tunafunga zizi.

Kwa hiyo wachukue wote wawili. Mpunga utatoka shambani kwa pikipiki ya matairi matatu kama wa watu wengine, na maji nitachota mimi. Usinishukuru, bado nimekukasirikia, na huenda nitakapokusindikiza asubuhi nisiwe na maneno. Barua hii utaikuta juu ya begi lako. Lori linafika saa mbili.

Leo, kabla hujamfunga Tabu kamba, mpigie meneja wako umwambie wanakuja wawili. Akikataa, panda lori peke yako.